Barafu ya Mlimani Si ya Samaki

Siku ile hainitoki moyoni, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia unakwenda kukwea barafu ya Mlima Kenya na wenzio wa chuo, keti nikusimulie. Usicheke. Mimi huyu, mzee wa huku kisiwani Chundwa, niliwahi kuning'inia huko kwa kamba.

Ujanani nilikwenda bara kutafuta kazi, nikawa mpagazi wa wakwea mlima. Kiongozi wetu alikuwa Bwana Mwangi, mtu wa maneno machache. Nilimsumbua wiki nzima anipandishe ukuta wa barafu, maana nilishawaahidi vijana wa hapa picha yangu kileleni. Akakubali, ila akasema tuondoke alfajiri, kabla ya jua. Nami kwa baridi ile, wallahi, nilijikunyata blanketini hadi nikaitwa mara tatu. Tukachelewa.

Tulipobakisha kidogo tu kufika juu, jua likatupata. Bwana Mwangi akagonga barafu kwa shoka lake, akatega sikio. Akagonga tena. Mlio ulikuwa bubu, kama wa mtungi wenye ufa, na ndani maji yalikuwa yakichururika.

"Tunashuka," akasema.

Ala! Damu ilinipanda. "Bwana, barafu naijua mimi! Nimepakia samaki kwenye barafu kule bandarini Mtangawanda miaka mitatu. Hii bado ngumu."

Hakufoka. "Barafu yako ya samaki ikivunjika, samaki wanaoza. Hii ikivunjika, mamako anapigiwa simu. Shuka."

Nilishuka nikilia kwa hasira, sikufichi. Huko chini nikakaa kuutazama ule ukuta, nikitamani uanguke nijue kwamba sikushushwa bure. Haukuanguka. Hata jioni ulikuwa umesimama palepale, na mimi nimenuna.

Niliporudi Chundwa bila picha, vijana walinicheka mwezi mzima. Mama alinishika mabega tu, akasema, "Alhamdulillahi, umerudi," akanipakulia wali.

Hadi leo sijui kama barafu ile ingetubeba. Hilo ndilo nitakalo ulijue, mwanangu: anayerudi nyuma hapewi ushahidi. Utachekwa, na wewe mwenyewe utajiona mwoga. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Ondoka mapema, gonga, sikiliza, umtii aliyezeeka na kazi ile. Ukisikia maji yanapita ndani ya barafu, shuka, hata kama kilele unakigusa kwa mkono.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akuhifadhi mkono na mguu, akurudishe kwetu mzima, umefika juu au hukufika.