Kidole cha Sita cha Derrick

Mwaka huo wa 1995 Sifuna alikuwa akienda kazini amechoka na kurudi amechoka zaidi. Kazi yake ilikuwa kulisha panya weupe katika maabara moja ng'ambo ya Kibera na kugeuza mayai kwenye mashine ya kutotolea. Jioni alitembea hadi chumba chake mtaani Laini Saba, ambako mama yake mzazi alimngoja na maneno.

Mama alikuwa ametoka Bungoma kuja kuona mjukuu. Alimfungua Derrick shuka, akakuta kidole cha sita kando ya kidole kidogo cha mkono, basi hapo ndipo maswali juu ya Nasike, mke wa Sifuna, yalipoanza. Nasike alikula nini akiwa na mimba? Alimcheka kilema gani njiani? Kwao kuna nini ambacho hatukuambiwa? Nasike alimchukua mtoto. Alinyonyesha, akafua nepi, akanyonyesha tena. Sifuna naye akajifanya anatafuta betri ya redio. Mwanamume mzima, na ndevu zake, anamwogopa mama yake!

Mwishowe alimwuliza Daktari Nzembi, mtafiti wa pale maabara aliyekuwa akilinganisha vifaranga wakiwa bado ndani ya yai na panya wakiwa bado tumboni. Daktari alimwita kwenye hadubini.

"Hii ni bawa la kifaranga, ndio linaanza kuota. Sasa cheki hii, mkono wa panya."

Sifuna aliona vichipukizi viwili vidogo, kila kimoja kina doa la zambarau upande uleule.

"Hiyo rangi inaonyesha mahali jeni, ile maagizo ya mwili tunarithi kwa wazazi, inafanya kazi," daktari alisema. "Kuku na panya, jeni ni ileile, na mahali ni palepale. Inaongoza vidole viote wapi na viwe vingapi. Kitu kidogo kikienda tofauti, kidole kinaongezeka. Sababu ya mtoto wako siwezi jua ni gani, lakini si kitu bibi yako alikula. Inaweza hata kuwa imetoka kwako."

Sifuna aliondoka karibu anakimbia. Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alichukua kipande cha makaa, akachora bawa na mkono sakafuni, akaeleza yote mpaka jasho likamtoka.

"Kwa hivyo kuku na panya ndio wamesema?" Mama aliuliza.

"Ndio, Mama. Nasike hana makosa."

Mama aliutazama mchoro kitambo. "Basi sawa. Mimi nilikuwa nauliza tu." Akampakata mtoto, akaanza kumwimbia. Yaliisha kirahisi hivyo, na urahisi wenyewe uliuma.

Sifuna alimgeukia mkewe, akingoja walau tabasamu. Nasike alikuwa ameinama juu ya beseni, anakamua nepi.

"Baba Derrick, mimi nilijua sina makosa," alisema, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa. "Nilikuwa nangoja wewe useme hivyo siku ile ya kwanza, kabla hujauliza panya."