Utahama Lini kwa Mama?

Juzi katika ofisi ya serikali ya mtaa, huku Ipagala, aliingia mwanamume wa miaka arobaini hivi amemshika mama yake mkono. Mama haoni. Walitaka barua ya utambulisho ili mama akapasuliwe macho.

Karani akamtazama mwanamume. "Unaishi wapi?"

"Kwa mama."

"Kwa mama! Na ndevu zote hizo? Kaka, utahama lini? Barua ya mgonjwa inaombwa na mtu mwenye kaya yake. Kawaite wakubwa zako."

Benchi zima, sisi tuliokuwa tukisubiri, tukacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, tena nimetoka kuswali adhuhuri muda huohuo.

Mwanamume akainamisha kichwa. Mama akapapasa meza mpaka akaugusa mhuri, akaufunika kwa kiganja, akamwambia karani:

"Mwanangu, kwanza shikamoo hujanipa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hao kaka zake wakubwa ni watatu, wamehama wote. Wananitumia salamu za Idi. Huyu ndiye anayenitengea maji ya udhu kila alfajiri. Nimwambie ahame leo?"

Karani akauomba mhuri wake kwa adabu, akagonga barua.

Nina hasira na karani, lakini zaidi na sisi wa kwenye benchi. Tunamcheka anayebaki, tunampongeza anayeondoka, wala hatuulizi wazee wameachiwa nani. Mimi nilihama kijijini kwetu Busi nikiwa kijana kabisa, nikasifiwa. Mama yangu anachotewa maji na jirani yetu Mkristo, ambaye hata asante sijawahi kumpa.