Nani Aanze Kufungwa Kidonda

Wivine Kalumba hakupendwa katika wodi ya majeruhi pale Kolwezi, wala hakujisumbua kupendwa. Ukigusa kitanda cha mgonjwa bila kunawa, huyo muuguzi alikufokea hata mbele ya wakwe zako. Mashine ya kutakasia vyombo ilikufa zamani, kwa hiyo vibano vya kusafishia vidonda vilichemshwa asubuhi kwenye makaa, na hivyo hivyo vikazunguka wodi nzima. Ndiyo maana alishikilia utaratibu mmoja: vidonda safi vianze, vya usaha viwe vya mwisho.

Mechack alikuwa na kidonda safi. Shimo alilochimba kule kwenye mgodi wa Mashamba lilimwangukia, likampasua mguu hadi mfupani, lakini nyama ilianza kuota vizuri. Mama yake, Mama Mianda, aliomba jambo moja tu: mwanawe atoke akitembea.

Kwenye kitanda cha pili alilala Tata Ntambwe, mzee wa kanisa, mwenye kisukari na mguu ulionuka hadi mlangoni. Kila siku Wivine alimpita.

"Mi ni muzee," alilalamika. "Batoto banatangulia mbele yangu juu ya nini?"

"Juu muguu yenu iko na usaha, tata. Mutangojea."

Wodi nzima iliona aibu. Kwetu mzee hangojeshwi na watoto, hata kama anaoza.

Jumapili Wivine alipumzika. Zamu ikawa ya Stany, muuguzi kijana mwenye adabu zake. Alianza na mzee, akamsafisha taratibu, akapangusa vibano kwa pamba yenye spiriti, kisha akamgeukia Mechack. Mama Mianda alimsifu kwamba amelelewa.

Siku zilizofuata mguu wa Mechack ulivimba, ukawa mweusi, ukanuka kuliko wa mzee. Daktari aliukata juu ya goti. Stany hakuulizwa kitu. Mtu mwenye adabu ile utamuuliza nini?

Wivine alipokuja kufunga kigutu, Mama Mianda alimshika mkono.

"Ni wewe uliuwa muguu ya mutoto yangu. Ulimutia muzee haya, roho yake ikatuchukia. Leo unaanza na yeye."

Wivine alieleza habari ya usaha na vibano. Mama Mianda alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampigia magoti Tata Ntambwe kuomba msamaha. Mzee akasamehe, akanyoosha mguu wake.

Wivine alimtazama Mechack.

"Anza na tata, mama," kijana alimwambia. "Mi nabakia na muguu mumoja tu."