Tulivyomwombea Mwenye Baa

Nawaambieni mimi mwenyewe, kabla mke wangu hajalisambaza jambo hili. Jumamosi nilimtembeza baba mkwe, mzee wa kanisa kutoka Moshi, kwenye baa za kale za Brussels. Hanywi, ila anapenda majengo ya zamani, nami nilitaka aone kwamba mkwewe anaujua mji.

Baa ya tatu tulikuta watu wamenyamaza. Juu ya kaunta kulikuwa na picha ya mzee mmoja, maua na mshumaa. Mama mmoja alikuwa akilia.

"Baba, hapa kuna msiba," nikanong'ona.

Kwetu mtu hapiti msibani kama hajaona. Tulivua kofia, tukampa yule mama pole. Baba mkwe akafumba macho, akamwombea marehemu apumzike kwa amani, nami nikatafsiri kwa Kifaransa, kwa sauti ya mchungaji.

Katikati ya sala ndipo nikasoma kikaratasi chini ya picha: mwenye baa anastaafu leo. Naye, mzee yule yule wa pichani, alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, kreti la bia mikononi.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Baba, huyu bwana anauliza nani amekufa."

"Mwambie," akajibu baba mkwe, macho bado kayafumba.