Nyuma ya Yangeyange

Hadi leo, ndege ya abiria ikishuka juu ya mapaa ya Kipawa na vikombe vikaanza kutetemeka kabatini, huwa naacha ninachokifanya na kutoka nje kuitazama. Mama yako hunicheka. Anasema mzee mzima nashangaa ndege kama nimeshuka mjini jana. Miaka yote hakujua ninachokitazama. Natazama asubuhi moja ya zamani, mwanangu, na kwa kuwa juzi umekuja na kibali chako na picha za bunduki kwenye simu, ukaniuliza, "Baba, ninunue ipi?", nimeona nikusimulie asubuhi hiyo. Habari za bunduki tutazikuta humo humo njiani.

Najua nguruwe pori wamekuchosha. Mihogo yako kule Pugu wanaifukua kabla haijakomaa, na kibali umekihangaikia kihalali, serikali ya mtaa, polisi, nenda rudi mpaka viatu vikaisha soli. Sina neno na hilo. Lakini nilipoona kidole chako kinarudi kila mara kwenye picha ile ile, ile nyeusi inayojipakia yenyewe, niliona siwezi kuliacha lipite. Naifahamu. Niliwahi kufanya kazi jirani na dada yake.

Nilipokuwa na umri wako nilipata kibarua uwanja wa ndege, kwenye kikosi cha kufukuza yangeyange na mwewe. Usicheke, ilikuwa kazi. Yangeyange ni wale weupe wanaofuatana na ng'ombe wakiokota wadudu, na nyasi za pembeni ya njia ya kurukia zikifyekwa, wanashuka kundi zima kuja kula. Sasa fikiria kundi hilo linyanyuke wakati ndege yenye watu inatua, waingie kwenye injini. Mie nilikuwa dereva wa gari letu na msikilizaji wa redio. Bunduki aliishika Mzee Kibwana peke yake.

Mzee Kibwana alikuwa Mzaramo wa huko huko Pugu unakolima wewe, mfupi, mwenye utani mwingi, aliyejifunza kuwinda kanga kwa babu yake. Siku ya kwanza aliponiruhusu kuitazama bunduki imefunguliwa, alitandika gazeti mezani na kuviweka vyuma vyake kimoja kimoja, kwa mpangilio. Kisha akanionyesha tundu dogo kwenye mtutu. Risasi ikilipuka, akasema, moshi wake wenyewe unapita hapa, unasukuma chuma hiki nyuma, ganda tupu linarushwa nje na risasi nyingine inaingia. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. Nilishikwa na bumbuwazi, mwanangu. Niliwahi kuona mashine nyingi, lakini sijawahi kuona kitu kinachotumia kishindo chake chenyewe kujiandaa kwa kishindo kingine.

"Inakupendeza?" akaniuliza.

"Sana, Mzee."

"Mie inanitisha. Nimeishika miaka yote hii na bado inanitisha. Siku itakayoacha kunitisha nitairudisha ghalani, niende zangu kuuza madafu."

Tundu lile aliliangalia kila jioni, maana masizi yakiliziba bunduki inakwama katikati ya kazi. Alipitisha kitambaa ndani ya mtutu, akafuta, akapaka mafuta ya bunduki kidogo tu, kiasi cha kung'aa, akafuta tena. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma ukiwa umelala. Na kamwe hakuilaza kwenye mkoba wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi inatunza unyevu, utaikuta na kutu asubuhi. Kulikuwa na mwenzetu wa zamu nyingine, mtu mzuri tu, aliyeishiwa mafuta akaona apake ya nazi. Kikaingia kipupwe. Unajua mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa Julai. Basi yaliganda humo ndani, bunduki ikapiga mara moja ikanuna. Mzee Kibwana akainusa, akasema, "Haya, bibi harusi ameshasukwa, nani anakuja kumchukua?" Tulicheka wiki nzima. Lakini aliisafisha yeye mwenyewe mpaka chuma cha mwisho, na hakumsema yule bwana mbele ya wakubwa.

Asubuhi ninayoisema mvua ilikuwa imenyesha usiku na nyasi zilikuwa zimefyekwa jana yake. Tulipofika, upande ule unaopakana na uzio ulikuwa mweupe pe. Yangeyange wametapakaa wanakula, hawana habari na mtu. Kabla sijazima gari redio ikaita. Ndege inakuja kutua, imejaa abiria, iko karibu.

Mzee Kibwana akashuka, akaelekeza mtutu juu, akapiga. Kishindo kikatembea uwanja mzima. Yangeyange wakanyanyuka, wakazunguka, wakarudi chini pale pale kando ya uzio. Walishatuzoea. Akapiga tena juu, wakaruka kidogo tu na kukaa. Mzee alishanifundisha kwamba ikifika hapo huna budi kumwangusha mmoja, wenzake wamwone, ndipo wataondoka. Basi akaishusha bunduki, kitako kikaingia begani, shavu likalala juu yake. Nyuma yetu taa za ndege zilikuwa zimeshaonekana, zikining'inia hewani juu ya njia.

Nikaanza kupiga kelele. "Piga, Mzee! Piga! Inaingia hiyo!"

Hakupiga. Alikaa vile kwa muda ambao mpaka leo nauona mrefu, kisha akaishusha. Mie nilidhani amerukwa na akili. Maana hakukimbia wala hakuhamaki. Aliegemea gari, akavuta chuma cha ubavuni, risasi iliyokuwa imeshajipakia ikaruka ikaanguka kwenye nyasi. Akavuta tena, ikatoka nyingine, mpaka zikaisha. Akaingiza kidole mahali risasi inapokaa kuhakikisha ni patupu. Akailaza kitini, mlango akaufunga. Ngurumo ya ndege ilikuwa imeshanijaa kifuani na nilikuwa nalia, mwanangu, sikufichi, nalia kwa woga kwa ajili ya watu nisiowajua.

Ndipo Mzee Kibwana akavua shati. Akakimbia. Mzee yule mwenye magoti mabovu, kifua wazi, akakata zile nyasi mbichi moja kwa moja kuwaelekea yangeyange, akizungusha shati juu ya kichwa na kupiga ukelele wa kufukuza kanga shambani. Bunduki walishaizoea, lakini mtu kichaa mwenye shati walikuwa hawajawahi kumwona. Walinyanyuka wote kwa pamoja, weupe mtupu, wakaelekea bondeni, mbali na njia. Na mimi nikajikuta namfuata mbio, nami nimevua langu, sijui hata nililivua saa ngapi.

Ndege ikapita. Sijawahi kuwa chini ya kitu kikubwa namna ile. Niliona matairi, niliona madirisha, na kwenye dirisha moja niliona kama mkono wa mtoto umebandikwa kwenye kioo. Upepo wake ukatuangusha magotini. Kisha magurudumu yakagusa lami, moshi kidogo, ikaenda zake taratibu kama vile hakuna lililotokea. Na kwao hakuna lililotokea. Walishuka, wakachukua mizigo yao, wakagombana na madereva wa teksi.

Mzee Kibwana alikuwa amekaa kwenye majani, anahema, jasho linamchuruzika. Akaniuliza, "Ulipokuwa unasema piga, uliona nini?"

"Yangeyange, Mzee."

"Nyuma yao?"

"Uzio."

"Nenda kaangalie tena."

Nikaenda hadi kwenye uzio. Ni waya tu, mwanangu, waya wa matundu, hauzuii kitu. Na ng'ambo yake, mahali pale pale mtutu ulipokuwa umeelekea, kulikuwa na matuta ya mchicha, na wanawake kadhaa walikuwa wameinama wanachuma. Ukiwa mbali, mtu aliyeinama kwenye mchicha humwoni, unaona kijani tu. Mmoja wao akanyoosha mgongo, msichana mwenye kanga ya manjano kiunoni, akanitazama nilivyo kifua wazi.

"Kaka, nyie mna nini leo?" akasema. "Huyo mzee wenu mbona anakimbia uchi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikapima kwa macho kutoka kwake hadi gari letu lilipokuwa. Risasi ya bunduki ile imejaa punje za chuma zinazotawanyika kadiri zinavyokwenda, na mie ndiye niliyekuwa napaza sauti zitoke. Nikaushika waya kwa mikono miwili. Akaona sina masihara, akaacha kucheka, akanipitishia fungu la mchicha kwenye tundu la uzio, kana kwamba mtu anayeng'ang'ania waya vile lazima ana njaa.

Niliporudi, Mzee Kibwana alikuwa anaokota risasi zake kwenye nyasi, anazifuta umande kwa lile shati. Hakunigombeza. Alisema tu, "Chuma hiki kinajipakia chenyewe. Kujizuia hakijui. Hiyo kazi wamekuachia wewe." Kisha akaomba mchicha wake nusu.

Yule msichana wa kanga ya manjano ni mama yako.

Umri wote huu anawasimulia watu habari za mzee aliyekimbia uchi uwanja wa ndege, na kila akisimulia anacheka mpaka anajifuta machozi, na mie nacheka naye. Habari ya bunduki alikuwa hajawahi kuijua. Jana usiku nimemwambia. Akauliza kama kaburi la Mzee Kibwana nalijua lilipo. Nikamwambia nalijua. Ijumaa tutakwenda, nawe utatupeleka.

Sasa nikujibu, mwanangu. Ukienda dukani usinunue kwa picha. Ishike, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua. Kama jicho lako limekaa sawasawa juu ya mtutu bila kukunja shingo, hiyo imekukubali. Kama ni nzito mkono ukatetemeka, iache hata iwe nzuri namna gani. Uliza kama risasi na vipuri vyake vinapatikana hapa hapa Dar, na umwombe muuzaji aifungue na kuifunga mbele yako, na wewe urudie. Usiyoweza kuifungua hutaisafisha, na usiyoisafisha itakugeuka. Mafuta ya nazi mwachie mkeo.

Kila ukimaliza kupiga, jua kwamba nyingine imeshaingia. Haijakuuliza. Vuta mpaka zitoke zote, na kidole chako kithibitishe, hata kama roho inakuhimiza, hata kama nguruwe anakimbia na muhogo mdomoni. Ifungie kwenye sanduku la chuma, risasi kwingine, funguo kifuani mwako. Na wajulishe jirani zako wote wa Pugu siku unayoingia nayo shambani. Waambie na wale wanaokwenda kuokota kuni msituni.

Hayo ni ya mikono. La macho ni hili. Kabla hujaifyatua, pita kwa jicho lako nyuma ya mnyama, nyuma ya kichaka, nyuma ya uzio, na umtafute mama yako ameinama kwenye mchicha. Usipomwona, tafuta tena. Ukiona mahali anapoweza kuwepo, ishushe, itoe risasi, uvue shati, ukimbie. Watu wakikucheka, waache wacheke. Mie nimeishi na kicheko hicho ndani ya nyumba hii, na wewe umezaliwa humo.

Mungu akupe mavuno, mwanangu, akuepushe na damu isiyo na hatia. Akupe bega imara na moyo unaotishika. Na akujalie uzeeke ukiwa na shati la kuvua na magoti ya kukimbilia.