Nafasi ya Shomari

Niseme kweli, nilikwenda Uluguru kwa kiburi. Mwalimu wangu wa picha, Mgoa mwenye duka karibu na stesheni ya Morogoro, alikuwa mgonjwa siku Mzee Kibwana aliposhuka kutoka milimani kuomba jamaa zake wapigwe picha. Mpwa wake, Shomari, alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya vita, na mwaka ulikuwa umepita bila habari. "Nenda wewe," mwalimu aliniambia. Nikajiona fundi.

Alfajiri tuliondoka, mzee mbele, mimi nyuma na kamera ya miguu mitatu, vioo vyake vya kunasia picha nimevifunga ndani ya blanketi. "Nyie wa mjini mnachoka kabla mlima haujaanza," alinitania.

Saa nne ukungu ulitufunika. Tulipita kijiji kizima tukipiga hodi, asiitike mtu, ingawa chungu kilikuwa kikichemka mekoni. "Wamekimbilia msituni," alisema mzee. "Wakisikia hatua, wanadhani askari." Sikupenda kimya kile.

Saa sita tulifika. Nilimwamkia Bi Zuhura, dada wa mzee, mama yake Shomari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Niliwapanga mbele ya migomba, kwa kuwa mwanga wa ukungu hauchori vivuli usoni. Walikuwa saba: mama kwenye kigoda, warefu nyuma. Lakini kati ya mama na Tatu, mke wa Shomari, palibaki nafasi ya mtu mzima.

"Sogeeni, picha ina pengo kama meno ya bibi!"

Hakuna aliyesogea. Nikamshika Tatu bega nimsogeze.

"Mwache!" mama alisema. "Hapo ni pa Shomari. Ukipaziba, umemzika."

Mzee alinivuta kando. Yeye alitaka matanga yawekwe, dada yake hataki kusikia. Wamekubaliana picha iamue, maana sanduku langu la picha, walivyosikia, huona yasiyoonekana kwa macho. Asipotokea, watamlilia.

Nilijua kamera haimwoni asiyekuwapo. Ningeweza kuwaambia. Ila nilipenda sanduku langu liogopwe, nikanyamaza, na hadi leo naona aibu.

"Mikono mapajani, msipepese," nikaamuru. Nikafunua kamera, nikahesabu hadi sita nikiwatazama. Hakuna aliyetikisika. Upepo wa baridi ulitoka upande wa pengo, majani ya migomba yakiwa yametulia.

Siku ya tatu, mjini, nilisafisha kioo kwa dawa, picha ikatokea. Pengoni palikuwa na migomba tu. Lakini mkono wa Tatu ulikuwa umeinuka kuelekea pale, vidole vimefumbwa, kama aliyeshika mkono wa mwenzake. Nami niliwatazama muda wote, na mikono yote ilikuwa mapajani. Nikatoka nje juani.

Juma lililofuata nilipanda peke yangu na picha. Mzee aliitazama kwa muda mrefu.

"Hayupo," alisema.

Mama aliichukua, akauona ule mkono. Uso wake ukang'aa hadi nikafurahi.

"Yupo! Tatu, ulimshika nani?"

Hadi hapo sikuwa nimemsikia Tatu akisema neno.

"Mume wangu," alijibu. "Mkono ulikuwa wa baridi, mama. Ulikuwa unachuruzika maji, na mchanga wa mto umejaa kwenye kucha."

Mama aliiweka picha chini polepole. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Waite watani," alisema. Huko watani ndio wanaosimamia msiba.

Jioni nilishuka peke yangu, vilio vikinifuata bondeni hadi niliposikia mto. Nimepiga picha za watu wengi tangu hapo, nikiwainua videvu na kuwageuza mabega. Lakini pengo silizibi tena kabla sijauliza ni la nani.