Moto Niliomwandikia Baba

Miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, chama cha ushirika tulichokuwa tunafanyia kazi hapa Bariadi kilipunguza watu. Mimi na baba tulipewa barua siku moja. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini. Baba alikuwa fundi kwenye kinu cha kuchambua pamba, na aliingia pale kabla sijazaliwa. Aliisoma barua yake akiwa amesimama, akaikunja, kisha akaenda kunawa mikono kama kawaida yake akitoka kazini, ingawa siku ile mikono ilikuwa safi.

Msimu uliofuata kampuni moja ikakichukua kinu. Wakabandika tangazo kwamba anatakiwa fundi mkuu mmoja, alete barua ya maombi na maelezo ya kazi alizowahi kufanya. Wakati huo nilikuwa na taipureta kuukuu, nawachapia watu barua barazani kwetu.

"Andika nilikuwa fundi," baba aliniambia.

"Hiyo haitoshi, baba. Mafundi wako wengi. Wanataka kujua ulifanya nini kikaonekana."

Akafikiri. "Mashine zilikuwa zinazunguka."

Chuoni Mwanza tulifundishwa kwamba mwombaji asiorodheshe alichoagizwa na mkubwa wake. Aseme alichofanya, na kilichobadilika kwa sababu yake. Kwa hiyo nikaendelea kumuuliza taratibu. Akakumbuka msimu ambao vipuri vilikosekana, akachonga kimoja kutoka kwenye springi ya lori bovu, na kazi haikusimama. Aliwafundisha kazi mafundi waliomfuata, lakini hakuona kama hilo ni jambo la kuandika. Mwishowe akanisimulia kuhusu moto.

Ulianzia kwenye misumeno ya mashine, ile inayotenganisha pamba na mbegu, wakati ghala la pembeni limejaa pamba mpaka juu. Baba alikimbilia injini akaizima. Aliyeingia chini ya mashine ni mwenzake wa zamu, mtu wa Kasoli, rafiki yake tangu ujana. Aliingia na magunia yaliyoloweshwa maji, akaivuta nje pamba iliyokuwa inawaka. Mikono yake ikabaki na makovu mpaka kwenye viwiko.

"Tuliuzima," baba alisema.

Mimi nikachapa: *Niliuzima moto uliokaribia kuteketeza kinu chote.*

Nilijua ninachofanya. Nafasi ilikuwa moja. Miwani ya baba ilikuwa imevunjika tangu masika, naye aliniamini, akasaini pale nilipomwonyesha.

Siku tatu baadaye yule rafiki yake wa Kasoli, naye akiitaka nafasi ileile, akaja na karatasi mbili nyeupe alizozikunja ndani ya gazeti zisichafuke.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu Kisukuma, akiniita mama, kama alivyonisalimu tangu nikiwa mdogo kila asubuhi alipompitia baba kwenda kazini.

"Mwangaluka, baba. Nikuandikie nini?"

"Wewe andika tu nilikuwa na baba yako. Mengine unayajua."

Nilikuwa nayajua. Nikachapa: *Nilisaidia kuzima moto.* Nilipomsomea alitikisa kichwa kukubali, akasema wabeja, ahsante yao watu wa kwetu, akatia saini yake polepole kwa vidole vilivyokuwa vigumu kukunjika.

Siku ya usaili walikaa benchi moja. Baba ndiye aliyeitwa kwanza. Yaliyotokea humo ndani alinieleza mwenyewe jioni ile, na ya mwenzake kama mwenzake alivyomsimulia njiani. Meneja alimsomea karatasi yake kwa sauti, na alipofika kwenye moto, baba akamkatisha.

"Hapo si mimi, bwana. Aliyeuzima yuko hapo nje."

"Saini hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

Meneja akaandika kitu pembeni. Kisha akamtoa baba kwa mlango mwingine, akamwita yule rafiki, akamuuliza nani aliuzima moto. Yule mzee hakujua baba amejibu nini. Aliposikia karatasi ya baba inavyosema, akaona akikanusha atamharibia mwenzake.

"Ni kweli," akasema. "Aliuzima yeye. Mimi nilisaidia kidogo."

Wakaonekana wazee wawili waliopanga uongo na kushindwa kuulinganisha. Kazi akapewa fundi aliyetoka Mwanza.

Baba hakunigombeza. Alinitaka nimsomee karatasi yake yote, mwanzo mpaka mwisho, nami nikamsomea. Sehemu ya kipuri akaniomba niirudie. Halafu akasema, "Ulikuwa unanitafutia kazi, mwanangu," akatoka kwenda kuwaingiza ng'ombe zizini. Afadhali angenipiga.

Nilikwenda Kasoli kuomba radhi. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti, nikapikiwa ugali na maziwa ya mgando. Nilipoanza kusema, yule mzee akaniuliza mvua kwetu ikoje. Nikajaribu tena, akamwita mkewe aniongezee maziwa. Niliondoka sijasema.

Baada ya hapo akawa hapiti tena kwetu Jumapili akitoka kanisani. Mwaka uliofuata alihamia Mwandoya kwa binti yake. Baba alimfuata huko mara moja, kwa basi la asubuhi, na jioni ileile akarudi. Nilimwekea maji ya kuoga. Nilimuuliza kama amemkuta mzima. Akasema yuko mzima, analima pamba, na kwamba binti yake ana watoto wengi sasa. Mengine sikuwa na haki ya kuyauliza.